Soko linaponunua soko, mwenye meza aangalie wateja wake

MFANYABIASHARA wa Kalangalala mjini Geita, anayeuza simu, pampu za maji, nguo za mitumba au vipuri vya karasha, hahitaji kufundishwa na mtu kwamba soko ni watu. Meza nzuri iliyowekwa mahali pasipopita watu haiuzi, na meza mbovu iliyo kwenye njia ya watu inauza. Muuzaji hufuata mnunuzi, na mnunuzi naye hufuata mahali penye wauzaji wengi ili alinganishe bei. Ndiyo maana gulio likishachangamka ni vigumu kulianzishia gulio jingine jirani yake.

Jambo hilo hilo ndilo linaloendesha minada na masoko ya kwenye intaneti, ambako wafanyabiashara wengi wa Kanda ya Ziwa sasa huweka bidhaa zao kwa simu ya mkononi. Kampuni inayomiliki soko la namna hiyo inajua kuwa kukusanya watu kuanzia mmoja huchukua miaka. Hivyo badala ya kujenga, hununua soko ambalo tayari lina watu. Siku moja muuzaji hufungua simu yake na kukuta jina la soko limebadilika, masharti yamebadilika, na mwenye mali ni mwingine.

Swali la kujiuliza ni nani anayepata na nani anayelipa soko moja linapolinunua jingine. Majibu yapo katika historia ya miaka zaidi ya 25 ya biashara hiyo, na yanamhusu mwenye duka la Geita na Shinyanga kama yanavyomhusu mwenye hisa.

Dhahabu haihami, wateja wanahama

Wakazi wa ukanda wa dhahabu si wageni wa habari za kampuni kununua kampuni. Mwaka 1998 Ashanti Goldfields ya Ghana iliinunua kampuni ya Samax, iliyokuwa na eneo la madini jirani na lile ambalo Ashanti ilikuwa nalo Geita. Mgodi ulianza uzalishaji mwaka 2000, na mwishoni mwa mwaka huo AngloGold ya Afrika Kusini ikanunua nusu yake. Mwaka 2004 kampuni hizo mbili ziliungana na kuwa AngloGold Ashanti. Upande wa Kahama, Barrick ya Canada iliingia Bulyanhulu mwaka 1999 kwa njia hiyo hiyo, yaani kwa kuinunua Sutton Resources iliyokuwa na haki ya eneo hilo.

Katika manunuzi hayo yote mnunuzi alijua anachokipata. Hati zilibadilika katika ofisi za mbali, lakini mwamba wenye dhahabu haukusogea hata hatua moja. Aliyelipa leo aliukuta kesho, na aliyekosea alikosea katika hesabu ya wingi wa dhahabu au bei yake.

Soko la mtandaoni ni mali ya aina nyingine. Kampuni inayolinunua haipati mwamba wala ghala la bidhaa, kwa sababu bidhaa ni za wauzaji. Inachonunua ni mazoea ya watu: mazoea ya mnunuzi kufungua ukurasa ule kila anapotaka kitu, na mazoea ya muuzaji kupiga picha bidhaa yake na kuiweka pale. Mazoea hayo yana thamani kubwa, lakini yana miguu. Yakiudhiwa yanaondoka usiku mmoja, na mnunuzi anabaki na jina tupu.

Tofauti hiyo ikishaeleweka, mengi yaliyotokea katika biashara ya minada ya mtandaoni hayashangazi tena.

Jinsi eBay ilivyokua

Mfano mkubwa kuliko yote ni eBay ya Marekani. Ilianzishwa Septemba 1995 na Pierre Omidyar huko California ikiitwa AuctionWeb, na ilikuwa mnada wa kawaida: muuzaji anatangaza kitu, wanunuzi wanapandishiana bei, na muda ukiisha aliyetaja bei ya juu anachukua. Septemba 1998 iliuza hisa zake kwa umma kwa dola 18 kila moja, na siku hiyo ya kwanza bei ikafunga ikiwa juu ya dola 40.

Kupanda huko kwa hisa ndiko kulikoipa eBay nguvu ya kununua. Kampuni ambayo hisa zake zinapiganiwa sokoni inaweza kulipa kwa hisa zake yenyewe badala ya fedha taslimu, na ndivyo ilivyofanya. Mwaka 1999 ilinunua nyumba ya mnada ya Butterfield & Butterfield ya San Francisco kwa hisa zenye thamani ya dola milioni 260. Mwaka huo huo ilinunua Kruse, kampuni ya mnada wa magari ya kale, na Alando ya Ujerumani, ambayo ilikuwa na umri wa miezi michache tu. Mwaka 2000 iliongeza Half.com, soko la vitabu na bidhaa zilizotumika, na mwaka 2001 ikanunua iBazar ya Ufaransa.

Wenye hisa wadogo wengi walishangilia kila tangazo. Lakini mtu anayelipa kwa hisa naye analipa. Kila hisa mpya inayotolewa kumlipa muuzaji inapunguza fungu la mwenye hisa wa zamani, kama vile mchele ule ule unapogawanywa kwa sahani nyingi zaidi. Kama kilichonunuliwa hakiongezi mchele kwenye sufuria, mwenye hisa wa zamani amepunjwa bila kuguswa mfukoni.

Baadhi ya manunuzi hayo hayakuongeza mchele. Nyumba za mnada zilikuwa biashara ya wataalamu wanaokagua vitu vya thamani kwa macho na kuviuza katika ukumbi, na wateja wao hawakuhamia kwenye kompyuta kama ilivyotarajiwa. Ilipofika mwaka 2002, eBay ilikwisha kuziuza zote mbili, Butterfields na Kruse. Half.com ilidumu zaidi, lakini nayo ilifungwa mwaka 2017.

Alando ilikuwa tofauti. Ilikuwa soko la aina ile ile, la watu wa kawaida kuuziana vitu, katika nchi ambayo eBay haikuwa na mizizi. Kwa kuinunua, eBay iliwapata Wajerumani wakiwa wamekwisha kukusanyika, na Ujerumani ikawa miongoni mwa masoko yake makubwa kabisa nje ya Marekani.

Somo la Uchina

Kilichofanikiwa Ujerumani hakikufanikiwa Uchina. Mwaka 2002 eBay ilinunua theluthi moja ya EachNet ya Shanghai kwa dola milioni 30, na mwaka 2003 ikalipa dola milioni 150 kuchukua sehemu iliyobaki. Wakati huo EachNet ndiyo iliyoongoza kwa minada ya mtandaoni nchini humo. Kwa hesabu ya karatasi, eBay ilikuwa imeshinda kabla mchezo haujaanza.

Mwaka huo huo wa 2003 kampuni ya Alibaba ilianzisha Taobao, soko ambalo halikumtoza muuzaji ada ya kuweka bidhaa. Taobao iliwapa pia wauzaji na wanunuzi njia ya kuzungumza moja kwa moja na kupatana bei, jambo ambalo Mchina, kama Msukuma au Mswahili, hulihesabu kuwa sehemu ya biashara yenyewe. eBay kwa upande wake iliiunganisha EachNet na mitambo yake ya Marekani, na wafanyabiashara wa Shanghai wakajikuta wakifuata utaratibu uliopangwa mbali kwa ajili ya watu wengine.

Wauzaji hawakuandamana wala kulalamika sana. Walihama. Desemba 2006 eBay ilitangaza kuifunga tovuti yake ya Uchina na kuikabidhi biashara hiyo kwa ubia uliosimamiwa na TOM Online. Dola milioni 180 zilikuwa zimenunua umati, na umati ulikuwa umevuka barabara kwenda kwa jirani asiyetoza ushuru.

Hapo ndipo hoja ya mwamba na miguu inapoonekana wazi. Hakuna mgodi ambao dhahabu yake iliwahi kuhamia kwa jirani kwa sababu mwenye mgodi mpya alikuwa na masharti magumu.

PayPal na Skype

Mwaka 2002 eBay ilikubali kuinunua PayPal, kampuni ya kupeleka fedha kwa mtandao, kwa hisa za dola bilioni 1.5. Bei ilionekana kubwa. Lakini wauzaji na wanunuzi wa eBay wenyewe walikuwa tayari wanalipana kwa PayPal, na walikuwa wameikataa Billpoint, huduma ya malipo ambayo eBay ilikuwa imeinunua mwaka 1999. Kwa maneno mengine, wateja walikwisha kuchagua, na mwenye soko akanunua kile walichokichagua. Kampuni hizo zilipotenganishwa Julai 2015, thamani ya PayPal katika soko la hisa ilikuwa kubwa kuliko ya eBay yenyewe.

Mwaka 2005 eBay ilinunua Skype, huduma ya kupiga simu kwa intaneti, kwa dola bilioni 2.6. Hoja iliyotolewa ni kwamba muuzaji na mnunuzi wangependa kuzungumza kabla ya kununua. Hoja ilisikika vizuri, ila wateja wa mnada hawakuwa wameomba simu hiyo. Oktoba 2007 kampuni ilitangaza gharama ya dola bilioni 1.4 kwa ajili ya Skype, na kati ya hizo dola milioni 900 zilikuwa ni kufuta thamani iliyoandikwa vitabuni lakini haikuonekana kwenye biashara. Mwaka 2009 eBay iliuza sehemu kubwa ya Skype kwa kundi la wawekezaji, ikabakiza kiasi cha asilimia 30. Microsoft ilipoinunua Skype yote mwaka 2011 kwa dola bilioni 8.5, fungu lile lililobaki lililipa vizuri. Ni haki kusema kwamba mwisho wake haukuwa hasara. Lakini faida hiyo ilitokana na kuuza, wala haikutokana na mnada kuchangamka kwa sababu ya simu.

Hali kadhalika StubHub, soko la tiketi, ilinunuliwa mwaka 2007 kwa dola milioni 310 na kuuzwa mwaka 2020 kwa kiasi cha dola bilioni 4. Matangazo madogo madogo ya eBay ya nchi mbalimbali yaliuzwa kwa Adevinta ya Norway, na biashara ya Korea Kusini ikauzwa mwaka 2021 kwa sehemu yake kubwa. Kampuni iliyokua kwa kununua ilijikuta miaka 20 baadaye ikirudi kwenye umbo dogo kwa kuuza. Aliyeshika hisa muda wote huo alipata faida pale tu kilichonunuliwa kilipokuwa kinatakiwa na watu kweli.

Afrika Mashariki nayo imepitiwa

Mambo hayo si ya ng'ambo tu. Ndugu wa ukoo wa Samwer walioiuzia eBay Alando mwaka 1999 ndio waliokuja kuanzisha Rocket Internet mwaka 2007, na Rocket ndiyo iliyokuwa nyuma ya Jumia ilipoanza Nigeria mwaka 2012. Soko lake la wauzaji wadogo, Kaymu, lililofika mpaka Tanzania, lilibadilishwa jina mwaka 2016 na kuingizwa chini ya Jumia. Aprili 2019 Jumia iliandikisha hisa zake katika soko la New York kwa dola 14.50 kila moja, na siku ya kwanza zikapanda mno. Novemba mwaka huo huo ilifunga biashara yake ya kuuza bidhaa kwa mtandao Tanzania. Muuzaji aliyekuwa ameweka biashara yake yote humo alipaswa kuanza upya kutafuta wateja ambao walikuwa wake kwa jina tu.

Aprili 2019 hiyo hiyo, Jiji, soko la matangazo lililoanza Nigeria mwaka 2014, lilitangaza kuinunua biashara ya OLX katika nchi tano: Nigeria, Ghana, Kenya, Uganda na Tanzania. OLX ilikuwa mali ya Naspers ya Afrika Kusini, kampuni yenye fedha nyingi kuliko Jiji. Lakini fedha hazikutosha. OLX ilikuwa imekwisha kupunguza shughuli zake Afrika, na waliokuwa wakiitumia wakaelekezwa kwa Jiji. Mwaka 2021 Jiji iliinunua Cars45, ambayo hukagua magari yaliyotumika na kuyapeleka mnadani kwa wafanyabiashara wa magari, na mwaka 2022 ikachukua Tonaton ya Ghana.

Ikilinganishwa na mifano ya eBay, njia ya Jiji inafanana zaidi na ile ya Alando kuliko ya Skype. Ilinunua masoko ya aina yake, katika nchi zenye wateja wa aina yake. Ununuzi wa Cars45 nao una mantiki, kwa sababu watu walikuwa tayari wanatangaza magari na shida yao kubwa ilikuwa kuaminiana juu ya hali ya gari. Kwa mnunuzi hiyo ni hesabu nzuri. Kwa muuzaji wa Geita au Kahama kuna upande wa pili. Pale palipokuwa na mbao mbili za matangazo zikimgombania, imebaki moja, na ubao usio na mpinzani hauna haraka ya kupunguza ada wala ya kusikiliza malalamiko.

Ubora na ubaya wa kukusanyika

Wapo wanaosema kukusanya watu mahali pamoja ni kumkabidhi muuzaji kwa mkubwa mmoja. Hoja hiyo haina budi kupimwa kwa mfano ulio karibu. Machi 2019 lilifunguliwa Soko Kuu la Dhahabu Geita, la kwanza katika mpango wa masoko ya madini nchini. Kabla ya hapo mchimbaji mdogo aliuza kwa dalali aliyemfikia shimoni, kwa bei ambayo dalali aliijua na mchimbaji hakuijua. Sokoni wanunuzi wako wengi chini ya paa moja, mzani unaonekana, na bei elekezi inatangazwa.

Kilichowaleta wachimbaji si jengo peke yake. Mwaka huo huo Serikali iliwaondolea wachimbaji wadogo kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5, ukabaki mrabaha wa asilimia 6 na ada ya ukaguzi ya asilimia 1, pamoja na ushuru wa halmashauri. Mzigo ulipopungua, dhahabu iliyokuwa ikipita njia za magendo ilianza kufika sokoni. Ni somo lile lile la Taobao: makato yakishuka watu huja, na yakipanda hutafuta uchochoro.

Kwa hiyo kukusanyika si kubaya. Mwenye mali hunufaika akiwa na wanunuzi wengi mbele yake. Hatari huanza pale mwenye paa anapokuwa mmoja tu, anapopanga ada peke yake, na anapoweza kuamua bidhaa ya nani ionekane juu na ya nani ifichwe chini. Katika gulio, mwenye meza aliyekerwa huhama na wateja wake kwa kuwaambia tu kwamba wiki ijayo atakuwa upande ule. Katika soko la mtandaoni, mara nyingi majina na namba za wateja ziko kwa mwenye soko, na muuzaji huhama mikono mitupu.

Sheria ipo, ila kipimo chake ni cha shilingi

Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ambayo inakataza muungano wa kampuni unaojenga au kukuza nguvu ya kulitawala soko, na Tume ya Ushindani ndiyo inayosimamia. Si sheria ya kupamba kabati. Scancem, kampuni iliyo chini ya Heidelberg ya Ujerumani na yenye kudhibiti kiwanda cha Twiga Cement, ilipotaka kuchukua asilimia 68.33 ya hisa za Tanga Cement, Baraza la Ushindani lilitengua idhini ya ununuzi huo mwaka 2022, na shughuli ikakamilika mwaka 2023 tu baada ya maombi mapya. Wenye hisa wadogo wa Soko la Hisa la Dar es Salaam walijifunza kwamba tangazo la kununuliwa kampuni halina maana kuwa fedha zimekwisha kuingia mkononi.

Hata hivyo kipimo kinachoamua kama muungano ni lazima upelekwe kwa Tume ni cha fedha. Kiwango kilichowekwa mwaka 2017 ni Sh. bilioni 3.5, kwa kuangalia mapato au mali za kampuni husika. Kipimo hicho kinafaa kwa saruji, bia na sigara, ambazo zina viwanda, magari na maghala. Soko la mtandaoni linaweza kuwa na wauzaji maelfu na mali yake nchini isizidi meza chache na kompyuta. Likinunuliwa, huenda lisifikie kiwango, na bado wauzaji hao wote wakawa wamehamishiwa kwa mwenye mali mpya bila mtu kuuliza. Itakuwa vyema kipimo kihesabu pia idadi ya wauzaji na wanunuzi wanaotegemea soko hilo.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inasaidia upande mmoja, kwa maana taarifa za mtu haziwezi kuchezewa ovyo eti kwa kuwa zimenunuliwa pamoja na soko. Lakini sheria hiyo inamlinda mtu na taarifa zake. Haimrudishii mwenye duka wateja aliokuwa amewazoea.

Mwenye duka afanye nini

Hakuna sababu ya mfanyabiashara wa Kalangalala kuyakimbia masoko ya mtandaoni. Mteja wa Katoro, Chato au Sengerema ambaye asingepita mbele ya duka lake huiona bidhaa kwenye simu. Na tangu daraja la Kigongo-Busisi lifunguliwe Juni 2025, mzigo wa Mwanza hausubiri tena kivuko. Muuzaji wa Geita sasa anashindana na yule wa Mwanza kwa karibu zaidi, na mtandao ni sehemu ya ushindani huo.

Kinachotakiwa ni kutolitegemea soko moja kwa kila kitu. Kila mteja aliyenunua kupitia tovuti aandikwe jina na namba, kwa ridhaa yake, katika daftari la duka, ili siku tovuti ikiuzwa au ikifungwa biashara isianze sifuri. Ada inayolipwa kwa tovuti ihesabiwe kama kodi ya fremu, na mwisho wa mwezi ilinganishwe na mauzo yaliyotoka huko kweli, si idadi ya waliotazama picha. Masharti yasomwe upya kila mwenye soko anapobadilika. Pale wauzaji wa bidhaa moja wanapokubaliana kutumia tovuti mbili badala ya moja, wanajihakikishia kwamba hakuna hata moja inayowaona kuwa mateka.

Mwekezaji mdogo aulize nini

Kwa mwenye kuweka akiba yake katika hisa, tangazo la kampuni kununua nyingine lisipokewe kwa shangwe wala kwa hofu kabla ya maswali machache. La kwanza ni kama malipo ni ya fedha taslimu au ya hisa mpya, na kama ni ya hisa, fungu lake litapungua kiasi gani. La pili ni kama wateja wa kampuni inayonunua tayari wanatumia kile kinachonunuliwa, kama ilivyokuwa kwa PayPal, au kama wanatarajiwa tu kukipenda, kama ilivyokuwa kwa Skype.

La tatu linahitaji kufungua vitabu. Mtu akinunua duka la Kalangalala lenye bidhaa za Sh. milioni 20 kwa Sh. milioni 50, Sh. milioni 30 za ziada amelipia jina na wateja. Kwenye hesabu za kampuni fedha hizo huandikwa kama mali. Wateja wakiondoka, siku moja itabidi zifutwe, na siku hiyo faida ya mwaka huliwa. Mwekezaji akiona kiasi hicho kinakua kila mwaka huku fedha taslimu zinazoingia hazikui, ajue kampuni inanunua majina kwa kasi kuliko inavyonunua biashara.

La nne ni kama jirani anaweza kufungua soko lile lile bila ada. Mwaka 2003 swali hilo lingeuliziwa Shanghai, lingeokoa dola milioni 150.

Soko linalokua kwa kununua masoko mengine linaweza kumpa muuzaji wateja wengi zaidi na mwenye hisa gawio nono. Limewahi kufanya hivyo. Lakini kila mara lilipofanikiwa, walioamua ni wenye meza na wanunuzi wao waliokubali kubaki. Mfanyabiashara anayejua hilo hana haja ya kuogopa jina jipya kwenye simu yake, mradi daftari la wateja liko dukani kwake.